Kutoka kwenye boksi hadi kinywani: kulinda dawa na mgonjwa katika duka la dawa

Bahasha nyingi za dawa Tanzania huandikwa hivi: 2x3. Aliyeandika anamaanisha vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Aliyepokea anaweza kufika nyumbani akasoma vitatu mara mbili, au akakumbuka tu kwamba kuna mbili na kuna tatu. Hapo dawa ilikuwa sahihi, ilitunzwa vizuri, imetoka kwa muuzaji halali, na bado mgonjwa ameimeza vibaya.

Mwongozo huu ni wa wanaofanya kazi katika famasi na maduka ya dawa muhimu (DLDM). Tunauanzia pale mzigo unapoingia, lakini tutakaa zaidi kwenye meza ya kutolea dawa. Kosa la daktari linaweza kukamatwa na mtoa dawa, ila la mtoa dawa likishatoka mlangoni hakuna mwingine wa kulikamata isipokuwa mgonjwa mwenyewe, na yeye ndiye mwenye taarifa chache kuliko wote.

Vibali tuvimalize haraka. Baraza la Famasi, chini ya Sheria ya Famasi ya 2011, husimamia jengo, wataalamu na utoaji wa huduma. Ubora wa dawa yenyewe uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019. Vibali viwe hai na vionekane ukutani, na mtu aliyesajiliwa kusimamia duka awepo kweli, si cheti chake tu.

Mzigo unapoingia

Nunua kwa muuzaji wa jumla mwenye kibali, kwa ankara inayoonyesha jina la dawa, nguvu yake, kiasi, namba ya toleo (batch) na tarehe ya mwisho ya matumizi. Ankara isiyo na namba ya toleo usiipokee, hata kama unamwamini anayekuuzia. Mwaka 2022 huko Gambia watoto wapatao 70 walikufa baada ya kunywa dawa za maji zilizokutwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, sumu zinazoharibu figo. Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa tahadhari. Tahadhari kama hiyo ikitoka, duka lenye ankara zilizopangwa linajua ndani ya dakika chache kama toleo linalotajwa liliwahi kuingia, limebaki kiasi gani, na lilianza kuuzwa lini. Duka lisilo na ankara linabaki kukisia.

Mzigo ukaguliwe kabla aliyeuleta hajaondoka. Linganisha namba ya toleo iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye blista au chupa ndani yake. Zikitofautiana, mzigo urudi. Soma jina la dawa herufi kwa herufi, maana dawa bandia mara nyingi hukosea tahajia au huwa na wino unaofutika kwa kidole. Angalia lakiri, rangi ya vidonge na karatasi ya maelezo. Dawa usiyoifahamu itafute kwanza kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa katika tovuti ya TMDA. WHO ilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni bandia au haifikii kiwango, kwa hiyo si uchoyo wala dharau kukagua. Na dawa yenye alama ya GOT ni mali ya Serikali. Haina nafasi kwenye rafu ya duka binafsi, kwa bei yoyote itakayoletwa.

Tenga kreti moja yenye maandishi mekundu USIUZE kwa ajili ya kila kitu chenye shaka. Bila kreti hiyo, boksi lenye shaka huwekwa kaunta "kwa muda", halafu wa zamu ya jioni analiuza.

Piga hesabu ya muda uliobaki kabla ya kukubali bei nzuri. Ukiuza makopo 2 kwa mwezi, na mzigo wa makopo 20 umebakiza miezi 6, utauza 12 na kutupa 8. Punguzo huwa limeisha hapo.

Rafu, joto na friji

Kanuni ya rafu ni kwamba inayoisha muda mapema itoke mapema, bila kujali ipi iliingia kwanza. Kila unapopanga mzigo mpya, vuta mbele wenye tarehe ya karibu. Mara moja kwa mwezi pitia rafu zote na ubandike karatasi ya rangi kwenye kila kilichobakiza chini ya miezi 6. Tarehe 06/2027 maana yake dawa inafaa hadi siku ya mwisho ya Juni. Kuna mtego unaosahauliwa: mgonjwa wa presha anapewa vidonge vya miezi mitatu kutoka kwenye boksi lililobakiza miwili. Tarehe itazamwe kwa siku atakayomeza kidonge cha mwisho.

Maboksi yakae juu ya chanja angalau sentimita 10 kutoka sakafuni na sentimita 30 kutoka ukutani, na yasipangwe kupita mita 2.5 kwenda juu. Unyevu hupanda kutoka kwenye sakafu, hewa inahitaji kupita, na panya hupenda kona asikofikiwa na ufagio.

Lebo nyingi zinasema dawa ihifadhiwe chini ya nyuzi 30, nyingine chini ya 25. Dar es Salaam, Tanga au Mtwara kati ya Januari na Machi, duka lenye bati bila dari huvuka nyuzi 30 kabla ya adhuhuri. Kipimajoto kiwekwe mahali penye joto zaidi ndani ya duka, mara nyingi rafu ya juu iliyo mbali na kiyoyozi, si pale penye ubaridi unaopendeza kwenye daftari. Andika joto mara mbili kwa siku, kwa mfano saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Ukiweza, nunua kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, kwa sababu kiyoyozi kinachozimwa duka likifungwa huacha dawa zikichemka hadi asubuhi, na daftari la saa 3 halitaliona hilo.

Dawa nyingine hukuambia zenyewe kwamba zimeharibika. Aspirini iliyoanza kuvunjika hunuka kama siki. Kapsuli hugandana, na vidonge vya kuweka njia ya haja kubwa huyeyuka na kuganda tena vikiwa vimepinda. Pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, hugeuka bonge. Tetrasaiklini iliyobadilika rangi na kuwa ya kahawia iende moja kwa moja kwenye kreti ya USIUZE, maana inapovunjika huweza kuumiza figo. Lakini insulini na oksitosini zilizopata joto zinaweza kubaki angavu kama maji. Oksitosini iliyopoteza nguvu hugundulika kwa mama aliyejifungua ambaye damu haikatiki. Kwa dawa hizi daftari la friji ndilo ushahidi pekee ulio nao.

Friji ya dawa iwe kati ya nyuzi 2 na 8, na isiwe ya soda na chakula cha mchana, kwa sababu kila inapofunguliwa joto linaingia. Usipange dawa mlangoni, wala usizigusishe na sehemu ya kugandishia. Insulini ikiganda hata mara moja imeharibika, na kuyeyuka kwake hakuirudishi. Nafasi zilizo wazi na rafu ya chini zijaze chupa za maji. Umeme ukikatika zitashikilia baridi, mradi mlango ubaki umefungwa. Andika nje ya mlango saa umeme ulipokatika na uliporudi, kisha soma kipimajoto kabla ya kuuza chochote. Mteja wa insulini anayekwenda mbali kwa bodaboda mfungie kwenye kibebeo chenye barafu iliyokwisha kuanza kutoa jasho, ikiwa imezungushiwa gazeti. Barafu iliyotoka kwenye jokofu sasa hivi, ikigusana na chupa, itaigandisha njiani.

Kusoma cheti

Soma cheti cha dawa alichoandika daktari chote kabla ya kugeukia rafu. Jina na umri wa mgonjwa, uzito kama ni mtoto, jina la dawa, nguvu, dozi, siku ngapi, tarehe, na sahihi ya aliyeandika. Kisha uliza maswali matatu yasiyoandikwa: kuna dawa yoyote iliyowahi kumdhuru, anatumia dawa gani nyingine, na kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, kama ni mjamzito au ananyonyesha. Swali la ujauzito liulizwe kwa sauti ya chini, pembeni ya foleni. Mteja anayeogopa kusikiwa atajibu "hapana" ili yaishe.

Mwandiko usiosomeka haukisiwi. Piga simu kwa aliyeandika. Herufi U inayoandikwa kumaanisha yuniti za insulini imesomwa mara nyingi kama sifuri, na 4U ikawa 40. Nukta ya desimali nayo hupotea: .5 husomeka 5, na 5.0 husomeka 50. Wewe mwenyewe andika 0.5 na 5, na neno "yuniti" liandike kamili. Methotreksati kwa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Ikitolewa kila siku inaua. Cheti kinachoitaja kila siku kirudi kwa daktari kabla hujafungua kopo.

Majina yafuatayo tunayaacha kama yalivyochapwa kwenye makopo, maana jicho ndilo linalodanganywa: Chlorpheniramine ya mzio na Chlorpromazine ya maradhi ya akili, Carbamazepine ya kifafa na Carbimazole ya tezi ya shingo, Metformin ya kisukari na Metronidazole, Prednisolone na Propranolol, Amlodipine na Amitriptyline. Kupanga rafu kwa alfabeti huyakalisha majirani. Yatenganishe kwa makusudi, rafu tofauti, na ubandike alama mbele ya kila moja.

Kuchukua na kuhesabu

Soma lebo mara tatu: unapolishika kopo, unapomimina, na unapolirudisha. Hiyo ya tatu ndiyo inayoachwa foleni ikiwa ndefu, na ndiyo inayokamata kosa mgonjwa akiwa bado mbele yako. Kopo moja tu liwe wazi mezani kwa wakati mmoja. Mkiwa wawili, mmoja ahesabu na mwingine alinganishe cheti, kopo na bahasha.

Vidonge visiguswe kwa mkono. Tumia sahani na kijiko cha kuhesabia, uvifute kwa spiriti ya asilimia 70 kati ya dawa na dawa. Sahani ya penisilini, pamoja na amoksisilini na ampisilini, iwe peke yake, kwa sababu vumbi lake linaweza kumletea mtu mwenye mzio mkali tatizo hata kama yeye amekuja kununua kitu kingine kabisa. Vidonge vilivyobaki kwenye sahani havirudishwi kwenye kopo kwa kukisia vimetoka wapi. Vilivyo kwenye blista viache humo, na ukikata, mkato usiondoe sehemu yenye tarehe na toleo.

Dawa za maji za watoto

Angalia nguvu kwa kila ml 5, si jina la dawa peke yake. Chukua mtoto wa kilo 10 mwenye homa. Parasetamoli ni mg 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani mg 100 hadi 150 kwa dozi, isiyozidi mara 4 ndani ya saa 24. Ya mg 120 kwa ml 5 atapewa ml 5. Ya mg 250 kwa ml 5 atapewa ml 2.5. Mama aliyezoea "kijiko kimoja" akibadilishiwa chupa bila kuelezwa, mtoto anapata maradufu kila mara, na ini ndilo litakalolipa. Duka liwe na mizani. Kukadiria kilo kwa macho hakufai.

Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo, maana ujazo wake hutofautiana sana nyumba kwa nyumba. Toa kikombe kidogo chenye mistari au bomba la sindano lisilo na sindano, kisha weka alama ya kalamu kwenye mstari wenyewe.

Antibayotiki ya unga ichanganywe dukani. Gonga chupa kwanza ili unga ulegee. Weka maji yaliyochemshwa na kupoa hadi karibu nusu, funga, tikisa mpaka bonge lote liishe. Subiri povu litulie, ndipo uongeze maji hadi kwenye mstari na kutikisa tena. Ukijaza maji yote mara moja unga huganda chini, mtoto anakunywa maji siku za mwanzo na dawa nzito siku za mwisho. Ukisoma mstari juu ya povu, maji yanapungua na dawa inakuwa kali. Andika kwenye chupa tarehe ya kuchanganya na ya kutupa. Nyingi hudumu siku 7, zingine zaidi zikiwa kwenye friji, kwa hiyo fuata lebo yake.

Halafu piga hesabu ya ujazo. Ml 5 mara 3 kwa siku 7 ni ml 105. Chupa ya ml 60 itaisha siku ya nne, na ya ml 100 itapungukiwa dozi moja. Mwambie mzazi kabla hajalipa.

Kwa kuhara, pakiti moja ya ORS ya lita huyeyushwa kwenye lita moja kamili ya maji safi, na kilichobaki baada ya saa 24 humwagwa. Pima kwa chupa ya lita moja inayojulikana. Maji machache hufanya chumvi izidi. Zinki iende pamoja nayo, mg 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, mg 10 kwa aliye chini yake, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Bahasha, na saa ya Kiswahili

Turudi kwenye 2x3. Andika maneno: "Vidonge 2 asubuhi, 2 mchana, 2 usiku, kwa siku 5." Asiyejua kusoma mchoree jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na vitone viwili chini ya kila kimoja. Bahasha iwe pia na jina la mgonjwa, jina la dawa, nguvu, idadi, tarehe ya leo, tarehe ya kuisha muda na namba ya simu ya duka. Dawa mbili haziingii bahasha moja, hata mteja akisema atazikumbuka kwa rangi.

Saa ndiyo mtego wetu wa pekee. "Kila saa nane" kwa mtoa dawa ni kila baada ya saa nane kupita. Kwa mgonjwa, saa nane ni saa nane mchana na saa nane usiku. Usiache neno "saa" likining'inia. Taja nyakati zenyewe. Mfano mzuri ni dawa mseto ya malaria (ALU), ambayo dozi ya pili huja saa nane baada ya ile ya kwanza. Akianza saa 2 usiku, mwambie na umwandikie: ya pili saa 10 alfajiri, ya tatu saa 2 usiku wa kesho, kisha saa 2 asubuhi na saa 2 usiku hadi zitimie sita. Vidonge vya mg 20/120 (artemeta mg 20 na lumefantrini mg 120) hutolewa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1 kwa dozi, kilo 15 hadi chini ya 25 viwili, kilo 25 hadi chini ya 35 vitatu, kilo 35 na kuendelea vinne. Zimezwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, maana tumbo likiwa tupu dawa huingia kidogo mwilini. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi irudiwe, na aje kuchukua ya kufidia.

Usiulize "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo, hasa mwenye haya na mwenye haraka. Sema, "Mama, hebu nieleze, ukifika nyumbani utampa mtoto vipi?" Kwa mzee, baada ya shikamoo, "Mzee wangu, nionyeshe hizi za asubuhi ni zipi." Akikosea, rekebisha hapo hapo kwa upole, kisha mwombe aseme tena.

"Nipe za elfu moja"

Anayekuja na elfu moja akitaka "zile za rangi mbili" mara nyingi hana zaidi ya hiyo elfu moja. Kumuuzia vidonge vinne vya antibayotiki kunaua vimelea dhaifu na kuacha vilivyo imara, na huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Msikilize kwanza. Mafua na vikohozi vingi havihitaji antibayotiki. Ikiwa anaihitaji na ana cheti, mtafutie ya bei nafuu inayouzwa kwa jina halisi la dawa, si la kibiashara, apate dozi kamili. Ikiwa hana cheti, mwelekeze zahanati. Wanaoomba deksamethasoni ili wanenepe, au diklofenaki wakiwa na vidonda vya tumbo, waeleze madhara waziwazi na usiuze.

Anayenunua parasetamoli muulize kama ana dawa nyingine ya mafua nyumbani. Nyingi zimechanganywa na parasetamoli, na kikomo cha mtu mzima ni vidonge 8 vya mg 500 kwa saa 24, vyote kwa jumla.

Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea kupita kawaida haendi nyumbani na dawa. Anakwenda hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, hata kama anaonekana mchangamfu.

Kosa likitokea, na dawa zikiisha muda

Ukigundua umetoa dawa isiyo sahihi, mpigie mteja kabla ya kumaliza kuhesabu hasara. Mwambie aache kuimeza, uliza amemeza kiasi gani na anajisikiaje, mwelekeze hospitali inapobidi, umpelekee iliyo sahihi bila malipo. Namba za simu za wateja ziandikwe kwa ajili hii. Kisha weka kwenye daftari la makosa: dawa gani, saa ngapi, nini kilichanganya. Andika pia makosa uliyoyakamata kabla hayajatoka. Daftari likitumika kumkata mtu mshahara litabaki tupu, na makopo mawili yanayofanana yataendelea kukaa pamoja. Mgonjwa akipata madhara ya dawa, hata ukiwa huna uhakika kwamba dawa ndiyo chanzo, jaza taarifa ya TMDA ukitaja namba ya toleo.

Dawa zilizoisha muda ziondolewe rafuni siku hiyo hiyo, zifungwe kwenye boksi lenye maandishi "ZIMEISHA MUDA, HAZIUZWI", na ziorodheshwe kwa jina, toleo, kiasi na thamani. Usizimwage chooni, wala usizitupe jalalani ambako watoto na waokota taka watazikuta. Peleka orodha kwa mamlaka uombe kibali cha kuziteketeza, na cheti cha uteketezaji kikirudi kifungwe kwenye faili moja na ankara zilizozileta.